Kiwanda cha silaha cha serikali: kinapimwaje kama bado kinahitajika?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa utawala wa umma, naishi Wete. Darasani tumepewa mfano wa kiwanda cha zana za kijeshi cha nchi moja ya nje. Mwenye kiwanda ni serikali, anayekiendesha ni kampuni binafsi kwa mkataba, na siku hizi kinafanya kazi chini ya nusu ya uwezo wake. Kundi moja limesema kiuzwe kwa sababu kinakula fedha za umma. Kundi jengine limesema kitu cha ulinzi hakipimwi kwa faida na hasara. Mimi sikuridhika na upande wowote. Je, serikali makini hupima vipi kama kiwanda cha namna hii bado kinahitajika?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kutoridhika kwako kuna msingi, kwa sababu makundi yote mawili yamekimbilia hukumu kabla ya kuligawa swali. Neno "kinahitajika" limebeba maswali matatu ndani yake, na kila moja lina ushahidi wake. La kwanza ni kama jeshi bado linakihitaji kile kinachotengenezwa, kwa kiasi gani na katika hali gani. La pili ni kama kitu hicho lazima kitengenezwe ndani ya nchi, au kinaweza kununuliwa kwa wengine bila ya nchi kujiweka rehani. La tatu ni kama serikali lazima iwe mwenye kiwanda, au inatosha iwe mnunuzi. Nimesoma ripoti nyingi zilizoharibika hapa: mwandishi analijibu swali la kwanza kwa ndiyo, kisha anaendelea kana kwamba mawili yaliyobaki yamejijibu yenyewe.

Kwetu Zanzibar mjadala huu hatuusikii mara kwa mara, kwa kuwa ulinzi ni jambo la Muungano, na viwanda vya aina hii, kama Mzinga ulioko Morogoro na Nyumbu ulioko Kibaha, viko Bara chini ya wizara yenye dhamana ya ulinzi. Hata hivyo njia ya kupima ni ileile ambayo mtumishi wa umma wa Unguja au Pemba ataihitaji siku atakapoulizwa kuhusu mali yoyote ya serikali inayozalisha, ikiwemo karakana ya boti au kiwanda cha kukamua mafuta ya makonyo ya karafuu pale Wawi. Kwa hivyo usiuone mfano wenu kuwa ni wa mbali.

Tuanze na mahitaji. Kosa la kundi la kwanza ni kuchukua oda za mwaka huu na kuzifanya kipimo cha haja. Gari la zimamoto halihukumiwi kwa idadi ya siku lililokaa bandani, na kiwanda cha makombora ya mizinga hakihukumiwi kwa kiasi kinachotengenezwa wakati wa amani. Marekani imelipata somo hili waziwazi. Katika mji wa Scranton, jimbo la Pennsylvania, kuna kiwanda cha serikali, kinachoendeshwa na kampuni binafsi, kinachofua maganda ya makombora ya milimita 155 ndani ya majengo ambayo zamani yalikuwa karakana ya treni. Kabla ya vita vya Ukraine kupamba moto mwaka 2022, Marekani nzima ilikuwa ikitengeneza makombora kama 14,000 ya aina hiyo kwa mwezi, na ilionekana yanatosha. Mara ikaonekana kwamba vita vya mizinga hula maelfu ya makombora kwa siku moja, na lengo likapandishwa hadi 100,000 kwa mwezi. Aliyepima haja ya Scranton mwaka 2019 kwa kuangalia oda peke yake angepata jibu sahihi kwa hesabu, lakini lisilofaa kwa nchi.

Hiyo haina maana kwamba kila kiwanda kilicholala ni bima. Bima ina masharti, na sharti kubwa ni kwamba siku ya haja ilipe. Kwa hivyo anayesema kiwanda kibakishwe kwa ajili ya dharura anawajibika kuonyesha kwamba kinaweza kuongeza uzalishaji kweli, kwa miezi mingapi, kwa mafundi gani na kwa malighafi itakayotoka wapi. Hapa ndipo karatasi na ukweli huachana mara nyingi.

Nakupa jambo nililoliona mwenyewe. Nimefanya kazi ya ukaguzi wa mali za umma kwa miaka mingi, na safari moja nilikwenda kukagua karakana moja ya serikali iliyokuwa na mashine kubwa ya kerezo. Daftari la mali lilisema mashine "inafanya kazi". Fundi mkuu, mtu mwaminifu kabisa, aliwasha swichi, mota ikanguruma, mashine ikazunguka, na mwenzangu akaanza kuandika tiki. Nikamwomba fundi anikatie hesi, yaani meno ya skrubu, kwenye kipande cha shafti. Akanyamaza, kisha akafungua kabati. Visu vya kukatia vilikuwa vimeliwa na kutu, vilivyobaki vilikuwa butu, na kadi ya mwisho ya kazi ilikuwa ya miaka mitatu nyuma. Akaniambia kwamba aliyekuwa akikata hesi za shafti za rafadha alistaafu na kurudi kwao, na kijana aliyeachiwa nafasi hakupata kufundishwa kwa sababu hapakuwa na kazi ya kumfundishia. Mashine ilikuwepo, na umeme ulikuwepo. Uwezo haukuwepo, na hakuna safu yoyote katika daftari lile ambayo ingeweza kuliona pengo hilo.

Tangu siku ile sikubali neno "uwezo" bila ya kuona kitu kikitengenezwa. Nakushauri na wewe ufanye hivyo hata kwenye kazi ya darasani: tenga majengo na mashine upande mmoja, kisha watu, malighafi na wasambazaji wadogo upande mwengine, na uulize kila upande uko hai kiasi gani.

Swali la pili, la kununua nje, lina kipimo kimoja ambacho mimi nakitanguliza mbele ya bei, nacho ni muda. Kila uwezo una muda wa kuurejesha ukishapotea. Baadhi ya vitu hurejeshwa kwa miezi: sare, mahema, mabati, hata bodi za magari. Vyengine huchukua miaka mingi, na vinavyohusu baruti, miripuko na ufuaji wa vyuma vizito vimo katika kundi hili, kwa sababu mbali na mitambo vinataka vibali vya usalama, umbali kutoka makaazi ya watu, na mikono iliyozoea hatari. Ikiwa muda wa kurejesha uwezo ni mrefu kuliko muda ambao nchi inaweza kustahimili kwa akiba iliyoko ghalani, basi kukifunga kiwanda ni kucheza kamari. Ikiwa ni mfupi, hoja ya kukibakisha inadhoofika sana, hata kama kiwanda ni cha zamani na kina heshima.

Mfano wa TNT, kiripuzi kinachojazwa ndani ya makombora na mabomu, unaeleza jambo hili vizuri. Marekani iliacha kutengeneza TNT ndani ya nchi mwaka 1986, ilipokuwa ikitengenezwa Radford, jimbo la Virginia. Kwa miongo kadhaa baada ya hapo ilinunua nje, ikiwemo Poland, na kwa hesabu za wakati wa amani uamuzi ule ulikuwa na mantiki: uzalishaji wa TNT huacha taka chafu, na bei ya nje ilikuwa nafuu. Mwezi Novemba 2024 jeshi la nchi kavu la nchi hiyo lilitangaza mkataba wa dola milioni 435 wa kujenga kiwanda kipya cha TNT katika jimbo la Kentucky. Simlaumu aliyefunga mwaka 1986 kwa kutojua ya 2022. Ninachokitaka ni kwamba siku ya kufunga iandikwe gharama na muda wa kufungua tena, ili anayerithi ofisi ajue amerithi nini.

Sisi watu wa visiwani hatuna haja ya kwenda mbali kuielewa hasara ya mikono. Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za makumbi bila ya misumari, ulikuwa ukipasua mawimbi ya pwani hii kwa karne nyingi na ukatoweka mwanzoni mwa karne ya 20. Ulipoundwa upya hapa Unguja mwaka 2003 kwa ajili ya maonyesho katika Beit al Ajaib, waundaji walilazimika kutegemea picha, vielelezo vidogo na maelezo ya zamani. Mbao zilikuwepo, makumbi yalikuwepo, bahari ni ileile. Kilichokosekana ni mtu aliyefundishwa na mtu aliyefundishwa, na mlolongo huo ukishakatika hauungwi kwa kutenga fungu la bajeti.

Sasa swali la tatu, la umiliki, ambalo ndilo watu hulichanganya zaidi. Kuhitaji kitu kitengenezwe nchini si sawa na kuhitaji serikali iwe mwenye kiwanda. Katika mfano wenu, serikali inamiliki ardhi, majengo na mitambo, na kampuni inaleta uongozi na wafanyakazi. Mpangilio huu ulienea Marekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kwa sababu hakuna kampuni ambayo ingejenga kwa fedha zake kiwanda kikubwa cha risasi huku ikijua kwamba vita vikimalizika mnunuzi ataondoka. Kiwanda cha Lake City, jimbo la Missouri, kilichoanza mwaka 1941, kinaendelea na risasi za silaha ndogo kwa mpangilio huohuo hadi leo. Kwa hivyo swali la kuuliza ni hili: je, sababu iliyoifanya serikali imiliki bado ipo? Kama leo kuna wanunuzi wengine wa bidhaa ileile na makampuni kadhaa yanaitengeneza kwa ushindani, sababu hiyo imekwisha. Kama mnunuzi bado ni jeshi peke yake, na mahitaji yanapanda na kushuka kama maji ya bahari, sababu ipo palepale.

Historia ina mifano ya pande zote. Springfield Armory ya Massachusetts ilianzishwa mwaka 1794 na ikatoa bunduki kwa zaidi ya miaka 170, hadi ilipofungwa mwaka 1968, kwa uamuzi wa waziri wa ulinzi Robert McNamara, katika zama ambazo viwanda binafsi viliweza kutengeneza bunduki kwa wingi. Jeshi halikukosa bunduki. Uingereza iliyakusanya viwanda vyake vya silaha katika kampuni ya Royal Ordnance mwaka 1985, kisha ikaiuza kwa British Aerospace mwaka 1987 kwa pauni milioni 190. Mwaka uliofuata kiwanda cha Enfield, ambacho jina lake liko kwenye bunduki zilizobebwa na askari wa nusu ya dunia, kilifungwa, na leo pale ni mtaa wa makaazi. Mwaka 2008 kikafungwa pia kiwanda cha Bridgwater, kilichokuwa kikitengeneza miripuko ya RDX tangu Vita vya Pili. Mmiliki binafsi alifanya hesabu ya mmiliki binafsi, na hakuvunja ahadi yoyote kwa kufanya hivyo, kwa sababu anayeuza kiwanda bila ya kuandika katika mkataba ni uwezo gani lazima ubakizwe, kwa miaka mingapi na kwa malipo gani, huwa ameuza na uwezo wenyewe. India imechagua njia ya katikati: mwezi Oktoba 2021 iliivunja bodi iliyokuwa ikiendesha viwanda 41 vya silaha na kuvigawa katika makampuni 7, yote ya serikali, ili kila moja liwe na hesabu zake na kuwajibika kwa hasara zake.

Na usidhani hatari iko kwa serikali pekee. Kule Minden, jimbo la Louisiana, kiwanda binafsi kilikuwa ndicho pekee kilichobaki Marekani kikitengeneza baruti nyeusi, ambayo bado hutumika kuwashia aina nyingi za risasi na makombora. Mwaka 2021 ulitokea mripuko, uzalishaji ukasimama, na mwenye kiwanda akaamua kukifunga, kabla ya kupatikana mnunuzi aliyekifufua. Chanzo kimoja ni chanzo kimoja, awe mmiliki waziri au mfanyabiashara.

Kuhusu fedha nitasema kwa ufupi, kwa kuwa darasani mtakuwa mmeshafundishwa kulinganisha gharama. Nakuonya jambo moja tu: kufunga si bure. Kuna mafao ya wafanyakazi, kuna ulinzi wa eneo, na zaidi ya yote kuna uchafu ulioingia ardhini. Huko Bethpage, jimbo la New York, jeshi la wanamaji la Marekani lilimiliki kiwanda cha ndege kilichoendeshwa na kampuni ya Grumman. Uzalishaji ulikoma katika miaka ya 1990, lakini dawa za kusafishia vyuma zilizozama ardhini kwa miongo kadhaa ziliingia kwenye maji ya chini, na kazi ya kuyasafisha inaendelea hadi leo. Mtu wa Zanzibar hapaswi kulisoma hili kwa haraka. Maji tunayokunywa sehemu kubwa yanatoka chini ya ardhi, kwenye mawe ya matumbawe yenye matundu yanayopitisha kila kinachomwagwa juu yake. Karakana yoyote inayotumia mafuta na dawa za kuoshea vyuma, iwe ya jeshi au ya raia, ina deni ambalo halionekani kwenye mizania, na ukaguzi usiopima udongo na visima haujakamilika. Kuhusu usalama wa walio jirani, miripuko ya maghala ya silaha ya Mbagala mwezi Aprili 2009 na ya Gongo la Mboto mwezi Februari 2011 imetufundisha kwa machungu kwamba eneo lililokuwa pori wakati wa ujenzi huweza kuzungukwa na nyumba baadaye. Umbali lazima upimwe upya, na pengine jibu likawa si kufunga wala kubakisha, bali kuhamisha.

Limebaki suala la ajira, na hapa nakuomba uwe imara. Ajira ni jambo zito na halali, na kiwanda kinapofungwa mji mzima huumia. Lakini liandikwe kwa jina lake, katika ukurasa wake, wala lisivikwe sare ya ulinzi. Pale Lima, jimbo la Ohio, kuna kiwanda cha serikali cha vifaru vya Abrams, ambacho jeshi lilitaka kusitisha kazi zake kwa muda katika muongo wa 2010. Bunge la nchi hiyo liliendelea kukitengea fedha, ingawa mkuu wa jeshi la nchi kavu, jenerali Raymond Odierno, alisema mwaka 2013 kwamba kama uamuzi ungekuwa wao fedha hizo wangezitumia kwingine. Watetezi wengine walizungumzia mafundi wa kuchomelea na wasambazaji wadogo ambao wangetawanyika, na hiyo ni hoja ya ulinzi inayopimika. Wengine walitetea kura za nyumbani. Mwaka 2022 Poland iliagiza vifaru 250 vya Abrams, na wapo wanaosema kwamba hilo limewapa haki wote waliokitetea kiwanda. Mimi nawapa haki wale wa hoja ya kwanza tu, kwa sababu bahati ikimfuata aliyeamua bila ya kupima, hoja yake haigeuki kuwa kipimo.

Unauliza pia, ingawa hukuandika hivyo, nani apime. Nakujibu: asipime anayekiendesha peke yake, wala mnunuzi peke yake. Kampuni yenye mkataba ina kila sababu ya kusema kiwanda ni muhimu, na idara yenye uhaba wa fedha ina kila sababu ya kusema si muhimu. Wawepo wakaguzi wasiofaidika na jibu, wawepo mafundi wanaoijua kazi kwa mikono, na tathmini irudiwe kila baada ya miaka kadhaa kwa tarehe iliyowekwa mapema, ili isije ikafanywa tu pale bajeti inapobana au uchaguzi unapokaribia. Siri za kijeshi ni za kweli, lakini huhitaji kujua idadi ya risasi ghalani ili kuuliza kama muda wa kurejesha uwezo umepimwa na nani ametia saini.

Kwa kiwanda chenu cha darasani, basi, usianze kwa kuandika "kiuzwe" au "kisiuzwe". Omba kwanza vitu vinne: oda za miaka 10 iliyopita pamoja na makadirio ya matumizi wakati wa vita, orodha ya mafundi kwa umri na ujuzi, majina ya wasambazaji ambao hawana mbadala, na ripoti ya mwisho ya udongo na maji. Ukishavipata, yagawe yale yanayotengenezwa mle ndani. Mara nyingi utakuta laini moja au mbili za uzalishaji ambazo nchi haiwezi kuzikosa, zimezungukwa na majengo mengi yanayotengeneza vitu vinavyopatikana sokoni. Mfano wenu wa kiwanda kinachofanya kazi chini ya nusu ya uwezo unanifanya nishuku hali hiyo, na kama ndivyo, pendekezo langu lingekuwa kubakiza laini hizo chini ya umiliki wa serikali, kuzipa kazi ndogo ya kudumu kila mwaka hata kama bei ya kila kipande itapanda, ili kijana apate chuma cha kujifunzia kabla mzee hajastaafu, na kuyaachia mengine yote. Ukikwama kwenye hesabu ya muda wa kurejesha uwezo, niandikie tena na uniambatanishie jadweli lako.